Baba anaongea na marehemu tangu aanze dawa za mkanda wa jeshi

Shikamoo Mama Mfamasia,

Nakuandikia usiku huu wa Jumapili nikiwa nimekaa kizingitini mwa chumba cha baba. Mama amechoka, zamu ni yangu. Baba ana miaka 71. Alikuwa mkata mkonge, baadaye nyapara, hadi alipostaafu akarudi hapa Muheza. Ana presha na anatumia dawa zake, na magoti yanamsumbua miaka mingi.

Jumamosi ya wiki iliyopita alianza kulalamika kwamba ubavu wa kulia unawaka, kama mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto. Hata shati hakutaka limguse. Tukadhani ni mbavu, mama akamkanda. Jumatatu jioni vikatoka vipele, na kulipokucha vilikuwa malengelenge yaliyojipanga kutoka mgongoni hadi chini ya titi, upande mmoja tu. Tulikwenda duka la dawa, wakampiga sindano ya diklofenaki, wakampa na vidonge vyake pamoja na amoksilini. Hali ikawa ileile. Jumatano tukampeleka hospitali. Daktari alimfunua shati, akatazama mara moja, akasema huu ni mkanda wa jeshi. Akaandika asikloviri miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba. Dirishani hawakuwa na vidonge vikubwa, wakatupa vya 200. Kwa hiyo ni vidonge vinne kila mara, 20 kwa siku, jumla 140. Tulitoka na mfuko kama tuliotoka kununua karanga.

Ijumaa usiku baba akaanza kuweweseka. Jumamosi asubuhi tukamkuta anaongea na baba mdogo, ambaye tulimzika mwaka 2009. Anamwambia asogee, mkeka una nafasi. Mikono inamtetemeka, kikombe cha chai hakifiki mdomoni, mchana kutwa amelala. Kaka alipoona hivyo akazuia dawa. Anasema ni sumu, vidonge 20 kwa siku hata ng'ombe hapewi, bora turudi kwenye amoksilini. Majirani nao wanasema huu ni mkono wa mtu, na kwamba ncha za mkanda zikikutana mgonjwa hana siku nyingi. Wanataka kesho apelekwe kwa mtaalamu.

Kuna mengine mawili. Daktari alimshauri baba apime virusi vya UKIMWI. Mama hakusema neno njia nzima, na tangu siku hiyo nyumba imekuwa nzito. Halafu wifi yangu ana mimba ya miezi sita, na ndiye aliyekuwa akifua mashuka ya baba.

Naomba unieleze, dawa hii inafanya nini hasa mwilini? Kaka ana haki? Vidonge 88 vimebaki, mama ameviweka kwenye kopo la majani ya chai. Anasema vitawafaa wajukuu wakipata mafua, kwa kuwa mafua nayo ni virusi.

Mtoto wa mwisho,
Muheza


Marahaba mwanangu.

Wasomaji wangu, barua hii niliifungua Jumatatu alfajiri na sikungoja zamu ya safu ifike. Binti alikuwa ameweka namba yake, nikampigia kabla sijabandika chai. Nilimwambia mambo mawili. Mzee asipelekwe kwa mtaalamu yeyote, apelekwe hospitali asubuhi hiyohiyo, na waende na dawa zake zote mfukoni: ya presha, ya magoti, asikloviri, hata zile za duka. Na wifi aende kliniki siku hiyohiyo. Wamenitii, na binti ameniruhusu kuyaandika haya. Nimebadilisha mambo machache ili familia isitambulike.

Nikueleze kwa nini nilikukimbiza. Mzee anayeanza kupayapaya na kuona maruweruwe siku ya tatu ya asikloviri, mtu wa kwanza kumfikiria ni figo. Lakini si huyo peke yake. Kirusi cha mkanda wa jeshi chenyewe kinaweza, mara chache, kufika kwenye ubongo. Sukari ikishuka mtu hupayapaya, maambukizi yakiingia damuni hupayapaya, kiharusi kinaweza kuanza hivyo. Mambo haya hayatenganishwi kwa macho ukiwa umekaa kizingitini. Kaka yako aliona sawasawa kwamba dawa ina mkono wake hapa, na kuizuia hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuizuia kisha kubaki nyumbani siku mbili.

Hospitali walipima damu, wakakuta kreatinini imepanda, yaani figo zimelegea. Wakamwekea dripu, wakazuia diklofenaki moja kwa moja. Malengelenge yalikuwa yameanza kukauka na mapya hayakuwepo, kwa hiyo daktari akaamua asikloviri isirudi. Alhamisi mzee aliamka, akauliza nani kahamisha redio yake. Binti aliniambia hilo huku analia.

Sasa turudi kwenye swali lako, maana umeuliza swali ambalo watu wengi wanameza dawa miaka na miaka bila kuuliza: hii kitu inafanya nini humo ndani?

Anza na kirusi. Bakteria ni kiumbe aliyekamilika, ana ukuta wake, anakula, anajigawa. Amoksilini humharibia ujenzi wa ukuta ule, akapasuka. Kirusi hakina ukuta wa kuharibiwa, hakili, wala hakizai chenyewe. Ni maagizo ya vinasaba yaliyofungwa kwenye ganda. Kikishaingia ndani ya seli ya mtu, kinaiteka jiko. Seli inaacha kupika chakula cha nyumbani inaanza kupika virusi, mpaka inachoka na kufa, na virusi vipya vinahamia kwa jirani. Hiyo ndiyo sababu amoksilini ya duka haikumsaidia mzee kitu, na isingemsaidia hata angemeza kopo zima. Ingekuwa na kazi endapo vidonda vingeingia bakteria na kutunga usaha, na vya baba yako havikuwa hivyo. Na hiyo ndiyo sababu dawa za virusi zilichelewa sana kupatikana. Ukitaka kukipiga kirusi, mkono wako unapita kwenye seli ya mgonjwa.

Nilipokuwa mtoto bibi yangu alikuwa mtunga shanga. Alikaa kibarazani na sinia, uzi mkononi, anaokota punje moja moja bila kutazama. Siku moja akasonya. Alikuwa ameokota punje iliyotobolewa upande mmoja tu. Kwa nje ilikuwa sawa na wenzake, rangi ileile, ukubwa uleule. Sindano iliingia, ikagota. Hapakuwa na pa kutokea, kwa hiyo hapakuwa na punje ya kufuata.

Asikloviri ni punje hiyo. Vinasaba vya kirusi hutungwa kama shanga, punje baada ya punje, na punje ziko za aina nne. Dawa hii imetengenezwa ifanane na mojawapo. Kirusi kinapojinakili kinaiokota, kinaipachika, na uzi unaishia hapo. Nakala haikamiliki. Kirusi cha nusu si kirusi.

Utauliza, mbona shanga zetu wenyewe haziharibiki, kwani seli zetu nazo zinatunga vinasaba? Hapa ndipo nilipoipenda dawa hii tangu niko mwanafunzi. Unapoimeza bado imelala. Ili ifanye kazi lazima iamshwe, na anayeiamsha ni kimeng'enya cha kirusi mwenyewe, yaani protini yake inayoendesha kazi ndani ya seli. Seli ambayo haijavamiwa karibu haiiamshi kabisa. Kirusi kinajiwashia moto nyumbani kwake. Kazi hii ilitoka kwenye maabara ya mama mmoja wa Marekani, Gertrude Elion, mzaliwa wa New York mwaka 1918. Alikuwa na miaka 15 babu yake alipokufa kwa saratani ya tumbo, na akaamua maisha yake yatakuwa ya kutafuta dawa. Hakupata kumaliza shahada ya uzamivu. Mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobeli ya tiba pamoja na George Hitchings na James Black. Ninamtaja kwa sababu mabinti wengi wanaosoma safu hii wameambiwa kemia si yao.

Sasa, ukishaelewa ushanga ule, mambo mengine yote uliyouliza yanafunguka.

Kwanza, hakuna mahali niliposema dawa inaua kirusi. Inazuia kisizaliane. Vilivyokwisha kuzaliwa vinabaki, na kazi ya kuvimaliza ni ya kinga ya mwili. Kwa hiyo dawa hii inashindana na saa. Kwa mkanda wa jeshi tunataka ianzwe ndani ya saa 72 tangu kipele cha kwanza, kabla kirusi hakijajaza nakala. Baba yako vipele vilitoka Jumatatu jioni, dawa ikaanza Jumatano. Mliwahi. Anayechelewa zaidi ya hapo asikate tamaa, hasa kama malengelenge mapya bado yanatoka, kama kinga yake ni dhaifu, au kama mkanda umetokea usoni. Na wa usoni nauwekea mstari: malengelenge yakitokea kwenye paji la uso, na zaidi yakifika ncha ya pua, jicho liko hatarini. Hapo hakuna cha kusubiri kesho, mtu aende akaonwe na daktari wa macho.

Pili, ule wingi wa vidonge. Tumbo linafyonza sehemu ndogo tu ya asikloviri unayoimeza, haifiki hata theluthi. Na ile inayoingia damuni haikai, kila baada ya saa tatu hivi nusu yake imeshatoka. Ukikaa nusu siku bila kumeza, kirusi kinarudi kwenye sinia lake na kuanza kutunga. Ndiyo maana ya mara tano: kila saa nne mtu akiwa macho, tuseme saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kila dozi miligramu 800. Dirisha likiwa na vidonge vya 800 ni kimoja tu. Likiwa na vya 400 ni viwili. Nyinyi mliangukia vya 200. Dozi ni ileile, ila ukimwona mzee anahesabu vinne vinne mara tano kwa siku, naelewa kaka yako alivyofikiria ng'ombe. Mimi nilipokuwa dirishani nilikuwa nafunga kila dozi kwenye kikaratasi chake na kuandika saa juu yake, kwa sababu nilijua mtu akimwagiwa vidonge 140 mezani atatishika au atakosea. Ipo ndugu yake, valasikloviri, inayofyonzwa vizuri zaidi na humezwa mara tatu kwa siku. Mwenye uwezo au mwenye bima inayoikubali aulizie, ingawa bei yake huwa juu.

Tatu, figo, na hapa naomba usome taratibu. Asikloviri haivunjwivunjwi sana na ini. Sehemu kubwa hutoka kwa mkojo kama ilivyoingia. Figo zikiwa nzima na maji yapo, inapita. Figo zikiwa zimelegea, inajaa damuni na kufika kwenye ubongo, ndipo mtu anatetemeka, anasinzia, anaongea na waliotangulia. Tena dawa hii haiyeyuki vizuri, mkojo ukiwa mzito inaweza kuganda kama chembe za chumvi ndani ya vijifereji vya figo na kuziharibu zaidi. Hilo la kuganda huonekana zaidi kwa wanaochomwa kwenye mshipa, lakini mwenye kumeza naye huambiwa anywe maji.

Nikamuuliza binti mambo matatu kwenye simu. Dawa ya presha ni ipi? Ni ile ya kukojosha. Diklofenaki anatumia tangu lini? Ya magoti ni kila siku, miaka, juu yake ile sindano ya duka. Maji je? Mzee hanywi maji jioni, hataki kuamka usiku kwenda chooni na ubavu unauma. Mwanangu, hapo ndipo baba yako alipoangukia. Dawa ya kukojosha inatoa maji, diklofenaki inabana damu inayoingia kwenye figo, kiu haizibwi, na umri wa miaka 71 figo hazina tena nguvu za ujana hata kama hujawahi kuumwa. Asikloviri ya dozi kamili ikakuta mlango umefungwa. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, badala ya mara tano inakuwa mara tatu au hata mara mbili, na kipimo cha kreatinini ndicho kinachoamua. Kabla ya kumpa mzee wa umri ule dozi ya mara tano, mtu alipaswa kumuuliza habari za figo na kutazama mfuko wake wa dawa. Nimekaa dirishani zaidi ya miaka 30, najua foleni inavyokuwa, na bado nasema alipaswa kuulizwa.

Diklofenaki inanikasirisha zaidi. Inauzwa kama pipi. Mtu wa presha, mzee, anachomwa bila hata kuulizwa anatumia dawa gani. Kwa maumivu ya baba yako parasetamoli kwa kipimo chake ingekuwa mwanzo salama zaidi, na ikishindwa daktari anapanda ngazi.

Kwa walio wengi asikloviri ni dawa pole. Kichefuchefu, kuharisha kidogo, kichwa kuuma, kizunguzungu, basi. Ukiimeza na chakula tumbo hutulia, na chakula hakiiharibu. Ukiona ngozi inavimba, uso unajaa, pumzi inabana, hiyo ni mzio, acha na ukimbie hospitali. Mkojo ukipungua ghafla, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, hivyohivyo.

Mkanda wenyewe unatoka wapi? Baba yako aliugua tetekuwanga, pengine akiwa mtoto anachunga mbuzi, akapona, na kila mtu akasahau isipokuwa kirusi. Kilijificha kwenye mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo, kikalala miaka 60 na zaidi. Kinga inaposhuka, kwa umri, kisukari, saratani, baadhi ya dawa au virusi vya UKIMWI, kinaamka na kushuka kwenye neva ileile hadi kwenye ngozi. Neva za kulia zinahudumia kulia na za kushoto zinahudumia kushoto, ndiyo maana unaona nusu mkanda. Kwa mtu wa kawaida ncha haziwezi kukutana, zimefika mwisho wa njia yake. Waambie majirani kwa upole. Wamehofia, hawana nia mbaya. Na hata asikloviri haikifikii kirusi kilicholala, kwa sababu kilicholala hakitungi shanga. Inakikamata kikiwa kazini tu.

Kuhusu maumivu, nakuandaa mapema. Vidonda vitakauka, magamba yatadondoka, lakini neva imejeruhiwa. Kwa wazee wengine kuwaka kule hubaki wiki, hubaki miezi. Si kwamba dawa haikufanya kazi, na si uchawi uliorudi. Akifikisha mwezi bado halali usiku, arudi kwa daktari amwambie wazi kwamba ni maumivu ya neva. Kuna dawa zake, kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, au gabapentini. Zote mbili zina tahadhari kwa mzee: ya kwanza inaweza kumfanya akojoe kwa shida na kuyumba akisimama, ya pili nayo hutoka kwa figo, kwa hiyo dozi ipimwe. Msimnunulie wenyewe.

Sasa mama.

Nimefikiria sana namna ya kukuandikia hili. Daktari anapoona mkanda wa jeshi hushauri kipimo cha virusi vya UKIMWI kwa sababu kinga ikishushwa na virusi hivyo kirusi cha tetekuwanga huamka kirahisi. Sisi tuliofanya kazi miaka ambayo dawa hazikuwepo tuliuona mkanda kwa vijana wa miaka 25, tukajua kinachofuata. Jina lake likabaki na aibu ile. Lakini mzee wa miaka 71 anaweza kupata mkanda kwa umri wake tu, na wengi wao ndivyo ilivyo. Kipimo ni cha kujua, daktari hakumtuhumu mzee wala hakumtuhumu mama. Na akikutwa navyo, leo ana kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani, tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, mbili kati yake zikitumia ujanja uleule wa ushanga uliotobolewa upande mmoja. Ujanja huo ndio uliokuwa ndani ya AZT, dawa ya kwanza ya virusi hivyo kuidhinishwa Marekani, mwaka 1987. Kaa na mama yako jikoni, mkiwa wawili, umsomee kipande hiki. Kisha yeye na baba waamue kwenda kupima pamoja. Majibu ni yao. Mimi sikuuliza, na wewe usiwaulize.

Wifi. Nilimuuliza swali moja: aliwahi kuugua tetekuwanga? Mama yake mzazi akakumbuka kwamba aliugua akiwa darasa la pili, hadi kovu la kwenye paji la uso lilitoka hapo. Kwa mtu wa hivyo hatari ni ndogo sana, na kliniki wamemwambia hivyo. Nawaandikia wengine ambao hawana jibu hilo. Majimaji ya malengelenge yana kirusi hai. Hayampi mtu mkanda, humpa tetekuwanga asiyewahi kuugua, na tetekuwanga kwa mjamzito au kwa mtoto mchanga si jambo la kupuuza. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua na ameshika vidonda au mashuka yenye majimaji aende kliniki mara moja asingoje vipele, kwa sababu kuna siku chache ambazo daktari anaweza kumkinga. Mgonjwa avifunike vidonda kwa kitambaa safi hadi vyote viwe na gamba kavu, mashuka yake yafuliwe na mtu aliyekwisha kuugua tetekuwanga, kwa sabuni, yaanikwe juani.

Nimebakiza kopo la majani ya chai.

Mama yako amefikiri kwa akili nzuri, virusi ni virusi, dawa ya virusi ni dawa ya virusi. Laiti ingekuwa hivyo. Kumbuka kwamba asikloviri inaamshwa na kimeng'enya cha kirusi. Virusi vya mafua havina kimeng'enya hicho, wala vya UVIKO, wala vya homa ya ini. Humo dawa itapita imelala hadi itoke kwa mkojo. Inafaa kwa ukoo mmoja: mkanda wa jeshi, tetekuwanga kali, na malengelenge ya mdomoni na ya sehemu za siri. Homa kali ya mafua ina dawa yake, oseltamiviri, na hiyo haigusi shanga kabisa. Inafunga mkasi ambao kirusi hutumia kujikata kutoka kwenye seli kilimozaliwa, kikabaki kimeng'ang'ania mlangoni. Nayo inataka iwahiwe, ndani ya saa 48, na hupewa zaidi wale walio hatarini. Homa ya ini B ina tenofoviri, wengi huimeza miaka mingi kwa sababu kirusi kile nacho hujificha, na kuiacha ghafla kunaweza kuliwasha ini upya. Homa ya ini C ndiyo habari njema kuliko zote, maana dawa kama sofosbuviri ikichanganywa na mwenzake humaliza kirusi kabisa kwa wengi, mara nyingi ndani ya wiki 12. Mafua ya kawaida ya wajukuu hayahitaji chochote katika hivi. Yanahitaji pua kusafishwa, maziwa ya mama kwa anayenyonya, maji, na jicho la mtu mzima linalotazama kama mtoto anapumua kwa shida.

Vidonge 88, basi, viondoke nyumbani wiki hii. Msimpe jirani hata akiwa na mkanda, maana hujui figo zake. Msivitupe chooni wala kwenye jalala ambako watoto huokota. Viwekeni kwenye mfuko uleule, mvirudishe kwenye dirisha la hospitali mlikovichukua na kumwambia mfamasia vimebaki kwa sababu gani, ili aandike kwenye kadi ya mzee: alichanganyikiwa na asikloviri ya dozi kamili, figo zilikuwa chini. Siku atakayohitaji tena dawa hii, daktari mwingine atalisoma hilo kabla hajashika kalamu. Kisha kopo lioshwe kwa maji ya moto, likaushwe, mama arudishe majani yake.